Laki mbili na nusu za "darasa la VIP": nijiunge au niache?

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nauza mapazia, mashuka na vitambaa vya makochi. Sina fremu. Mzigo naufuata Kariakoo, nauweka nyumbani, picha naziweka status na Instagram. Mteja wa hapa mjini namtumia kwa boda, wa Ifakara, Kilosa, Dodoma au Iringa namtumia kwa basi. Biashara haijanitupa, ila haikui. Mwezi mzuri faida inafika laki tatu, mwezi mbaya naambulia elfu themanini na ada ya shule inanisubiri palepale. Pea moja ya pazia inanibakizia kama elfu kumi na mbili. Kinachonichosha kuliko vyote ni wateja wa "bei gani dada?" Namjibu, anasoma, tiki mbili za bluu, kimya.

Mwaka ulipoanza niliona tangazo la kocha mmoja wa biashara za mtandaoni. Ni kijana, anaongea vizuri, anasema alikuwa anatembeza mitumba na sasa anaingiza mamilioni kwa simu yake tu. Nikanunua kitabu chake cha PDF, shilingi 15,000. Kina kurasa 48, nimesoma karibu nusu. Mwanzo kinahusu kuamini ndoto zako na kuachana na watu wenye mawazo hasi. Baadaye kinataja njia za kupata hela: kuuza vitabu Amazon, kufungua chaneli ya YouTube, kuuza bidhaa za wengine kwa kamisheni, kutengeneza PDF yako mwenyewe na kuiuza. Kila njia imepewa kurasa mbili tatu, na mwisho wa kila sura kimeandikwa "hatua kamili utazipata ndani ya darasa la VIP".

Hilo darasa ndilo linaloninyima usingizi. Uanachama ni 250,000 kwa mwaka au 35,000 kwa mwezi. Unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, kuna video za masomo, na kila Jumapili usiku kocha anafundisha laivu. Kila siku anaweka skrinishoti za miamala ya wanafunzi wake, mwingine laki nne, mwingine laki tisa. Tangazo linasema nafasi zimebaki saba na ofa inaisha leo saa sita usiku. Niliona maneno hayohayo kabla ya Ramadhani, nikajua imenipita. Wiki iliyopita nikaliona tena, nikamshukuru Mungu kwamba bado nina bahati.

Hela nitaipata VICOBA. Mwezi ujao wanatoa mikopo, na kwa hisa zangu naweza kukopa laki tano kwa riba ya asilimia kumi, marejesho miezi mitatu. Nilipanga nusu iende kwenye mzigo, nusu iende VIP.

Sasa nyumbani. Mume wangu nilimweleza. Akasema, "Hela ni yako, fanya unavyoona, ila usije ukaniletea stori baadaye." Miaka michache nyuma yeye alilipia mafunzo ya forex na hakuna kilichotoka. Tangu hapo ukimtajia hela ya mtandaoni anawaka. Mimi naona hataki nisogee kwa sababu yeye lilimshinda. Upande mwingine yuko mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi Dar. Amejiunga VIP, anaposti hela zikiingia, juzi kanunua friji. Kila siku ananipigia, "Dada unachelewa." Kanitumia linki yake nijiungie hapo, anasema ndiyo rahisi. Nikikataa ni kama namwambia yeye ni mwongo. Nikikubali na ikaenda vibaya, mume wangu atanisimanga mpaka uzeeni.

Nisaidie mama. Mtu anajuaje kama hivi vitabu na uanachama vina thamani ya hela yake? Nimeishia kidato cha nne, Kiingereza nasoma kwa kukisia. Watu wakiniambia "kila kitu kipo bure Google" nahisi wananikejeli.

Mama Mapazia, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hizo tiki za bluu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Swali uliloniuliza ni la laki mbili na nusu, lakini ndani ya barua kuna swali jingine umelipitia haraka ukiwa njiani: kwa nini watu wanakuuliza bei kisha wananyamaza. Halafu kuna mdogo wako na mume wako, kila mmoja akikuvuta upande wake. Nitajaribu kuyagusa yote, ila naanza na hela kwa kuwa ndiyo uliyoitaja kwa jina.

Kwanza, usijione mjinga kwa kununua kitabu cha elfu kumi na tano. Watu wanalipa kufundishwa kushona, kupika keki, kusuka, na hakuna anayewacheka. Wanaokuambia mambo yapo bure wana haki nusu tu. Yapo bure kwa mwenye bando, mwenye muda wa kuchambua, na mara nyingi mwenye Kiingereza. Mtu akikusanya mambo hayo, akayapanga, akayaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, amefanya kazi na anastahili malipo. Cha kujiuliza ni kama kazi hiyo imefanyika kweli kwenye hicho ulichouziwa, na kama inahusu jambo unalohitaji wewe.

Chukua hizo njia zilizotajwa kitabuni. Kufungua akaunti ya kuchapisha vitabu Amazon ni bure tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2007, na mgawo wa mwandishi umetangazwa wazi: kitabu cha kielektroniki humpa asilimia 35 au 70 ya bei, kutegemea bei aliyoiweka na soko kinapouzwa. YouTube nao wameandika masharti yao hadharani. Ili upate mgao wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hayo si siri ya mtu. Kitabu kikiyataja kwa maneno hayo machache, kikakuonyesha pa kuanzia na pa kukwama, kimekufaa. Kikiyazungukia bila hata kuyataja na kukuambia yapo ndani, hapo umenunua tangazo kwa elfu kumi na tano.

Sijakiona kitabu chako, kwa hiyo kikague wewe, na ukikague kama unavyokagua kitambaa Kariakoo kabla ya kutoa hela. Tafuta kama mwandishi anaijua nchi anayokuandikia. Je, anataja lipa namba? Anasema mteja wa Ifakara utamtumiaje mzigo na nani analipa nauli ya basi? Anagusa TIN na kodi? Au anakuambia tu "pokea malipo kwa PayPal"? Mkenya anaweza kuhamisha hela ya PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018, lakini kwa miaka mingi Mtanzania ameizoea PayPal kwa kulipia, na kupokea kumekuwa shida. Mwalimu anayeishi Tanzania na kuuza Tanzania asingeliruka hilo. Pia kuna vitabu vinavyoandikwa mara moja huko nje na kuuzwa pamoja na ruhusa ya kubandika jina lako, kisha vinatafsiriwa na kuzunguka kwa majalada tofauti. Chagua sentensi moja yenye maneno yasiyo ya kawaida, uiweke Google ndani ya alama za kunukuu. Ikitokea kwenye vitabu vitatu vya makocha watatu, umeshajua.

Sasa hilo la "hatua kamili utazipata ndani ya VIP". Kuuza kitu kidogo kwanza, kisha kikubwa, hakuna kosa. Hata wewe mteja wa shuka akiridhika unamwonyesha mapazia. Tofauti ni kwamba shuka lako linatandikwa hata kama pazia hakununua. Kitabu kinachokatika kila sura pale penye utamu hakijakamilika, na umeshakilipia. Kule Marekani mwaka 2018 tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, iliipeleka mahakamani kampuni iliyoitwa MOBE, iliyokuwa ikifundisha biashara za mtandaoni. Mlango wake ulikuwa dola 49 tu, kwa mfumo wa hatua 21. Ukishaingia, hatua zilizofuata zilikutaka ununue uanachama wa juu, na wa juu zaidi, hadi makumi ya maelfu ya dola. Tume ilidai kwamba watu walitoa zaidi ya dola milioni 125 kwa jumla. Simfananishi kocha wako na hao. Simjui, na laki mbili na nusu si makumi ya maelfu ya dola. Nakutajia ili uulize swali moja kabla ya kulipa: baada ya VIP kuna nini? Kama kuna "VIP Gold" au "darasa la karibu na kocha" la milioni, ni vizuri uijue bei yote ya safari ukiwa bado kituoni.

Kuhusu ofa, ushahidi umeuandika mwenyewe. Kabla ya Ramadhani nafasi zilikuwa saba na mwisho ulikuwa saa sita usiku. Wiki iliyopita nafasi zilikuwa saba na mwisho ulikuwa saa sita usiku. Wewe ukashukuru kwamba bahati imerudi. Isomee tena hiyo sehemu ya barua yako. Labda ni uzembe wa aliyetengeneza tangazo, sijui. Ila sioni sababu ya wewe kukimbia.

Skrinishoti za miamala sizichukii, lakini zinaniambia kidogo sana. Kwanza, siku hizi picha ya ujumbe wa muamala inatengenezwa kwa dakika chache; taifa zima linajua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Pili, hata zikiwa za kweli, zinaonyesha hela imeingia, hazionyeshi imetoka wapi wala nini kimetumika kuipata. Laki tisa ya mauzo ambayo laki nane ni mtaji si habari ileile na laki tisa ya faida. Wewe ni mfanyabiashara, unaijua hiyo hesabu kuliko mimi.

Na kuna jambo ambalo naona linasahaulika. Kocha huenda hasemi uongo kuhusu mamilioni. Piga hesabu ya kukisia: akiwa na wanachama mia mbili wanaolipa 35,000, hiyo ni milioni saba kwa mwezi. Anaweza kuwa tajiri wa kweli bila kuuza kitabu hata kimoja Amazon na bila pazia hata moja. Biashara yake ni kufundisha biashara. Hiyo ni kazi halali, lakini mafanikio yake hayathibitishi kwamba anachofundisha kinalipa. Unachotaka kuona ni mtu aliyejifunza kwake, anayeuza bidhaa kama zako kwa wateja kama wako, na anayeweza kukuambia mwezi uliopita ulikuwaje.

Hapo ndipo tunafika kwa mdogo wako, na naomba nitembee taratibu maana ni damu yako.

Umeandika kwamba kakutumia linki ujiungie hapo kwa sababu ni rahisi. Inawezekana ni hivyo. Lakini kwenye uanachama wa aina hii linki ya mtu binafsi kwa kawaida hutumika kuhesabu nani kamleta nani, ili aliyeleta apate kamisheni. Usikasirike mapema. Kamisheni si wizi. Dalali wa nyumba anaipata na tunamsalimia. Ila dalali tunamjua kuwa ni dalali, na maneno yake kuhusu nyumba tunayapima hivyo. Kwa hiyo kaa na mdogo wako, ikiwezekana ana kwa ana, umwulize kwa upole: nikipitia kwako unapata kiasi gani? Na hizo hela unazoposti, ngapi zinatokana na kuuza bidhaa na ngapi zinatokana na watu uliowaingiza? Akikujibu bila kigugumizi, utajua mengi. Akikuambia nyingi ni za kuingiza watu, basi bidhaa inayouzwa kule ndani ni uanachama wenyewe, na wewe ukiingia kazi yako itakuwa kuwaita dada zako wengine.

Kuna mstari mwingine wa kuangalia. Kama analipwa kwa mtu aliyemleta yeye tu, hiyo ni kamisheni. Kama analipwa pia kwa wale walioletwa na aliowaleta, ngazi kwa ngazi kushuka chini, hapo inaanza kunuka upatu, na upatu wa namna hiyo sheria yetu inaukataza. Watu wazima wa Morogoro watakukumbusha ule upatu wa DECI wa 2009, watu "walipopanda mbegu", yaani hela zao, wakingoja kuvuna. Wa mwanzo walivuna kweli, na wao ndio waliokuwa mashahidi wazuri kuliko wote. Simwiti mdogo wako shahidi wa uongo. Nasema tu kwamba anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu friji na bado friji hilo lisikuambie chochote kuhusu mapazia.

Wala sioni kwamba kumkatalia ni kumwita mwongo. Unaweza kumwambia, "Nafurahi umepata. Mimi biashara yangu ina shida nyingine, nataka niitatue kwanza." Hayo ni maneno ya dada mkubwa, na hayamvunjii mtu heshima.

Mume wako nilitaka kumpita, lakini siwezi. Umesema hataki usogee kwa sababu yeye lilimshinda. Inawezekana. Wanaume wa namna hiyo wapo. Ila maneno uliyoyanukuu nikiyasoma peke yake, nasikia pia mtu aliyeungua na asiyejua namna ya kusema "naogopa usiungue" bila kujidhalilisha. Hela ya forex imempotea, na labda heshima yake mbele yako aliiona imepungua siku ile. Ndiyo maana anawaka. Ungemwuliza, si kwa kumsuta, alichoahidiwa kwenye yale mafunzo na alichokuta ndani, ungepata mwalimu wa bure ndani ya nyumba yako. Nani alimshawishi? Aligundua lini? Alishindwa wapi? Huenda akakataa kuongea. Huenda pia ikawa mara ya kwanza mtu kumwuliza bila kumcheka. Wewe unamjua, chagua saa.

Turudi kwenye njia zilizo mbele yako, maana ninaona zaidi ya mbili.

Unaweza kujiunga kwa mwezi mmoja, si mwaka. Bei ya mwaka inaonekana nafuu ukiilinganisha na 35,000 mara kumi na mbili, lakini 250,000 ni sawa na ada ya miezi saba na kidogo. Unafuu huo unaanza tu kama utakaa mwezi wa nane, na kitabu cha kurasa 48 ulichonunua mwaka ulipoanza bado kipo nusu. Sikusemi kwa hilo. Una watoto, una mizigo, una basi la saa kumi na mbili alfajiri. Lakini jiulize kama video zaidi ndizo zilizokosekana. Ukichagua mwezi mmoja, ingia na maswali yako matatu yaliyoandikwa kwenye daftari, uyaulize wiki ya kwanza, na uone anajibu nani na kwa undani gani. Hatari yake ni kwamba masomo yanaweza kutolewa kidogokidogo ili ubaki, na grupu lenye meseji mia tatu kwa siku linakula muda ambao ungemjibu mteja. Hatari nyingine ni aibu ya kutoka, hasa ndugu yako akiwa ndani.

Kabla ya hata huo mwezi mmoja, fanya hivi: anza kulipa kwenye simu mpaka jina la mpokeaji litokee, kisha usiweke namba ya siri. Je, ni jina la biashara au la mtu usiyemjua? Jina la biashara unaweza kulitafuta mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara. Kusajiliwa hakumfanyi mtu mwaminifu, lakini kunakupa pa kuanzia ukidhulumiwa. Omba masharti ya kurudishiwa hela kwa maandishi. Na mtafute mtu aliyetoka kwenye darasa, si aliyemo. Ndani ya grupu msimamizi anaweza kumtoa yeyote anayelalamika, kwa hiyo waliobaki watakusifia. Mwombe mdogo wako namba ya mtu aliyejiunga pamoja naye na sasa hayupo. Akisema hajui hata mmoja, sawa, ila umwulize.

Njia nyingine ni kutojiunga, na mkopo wote uende kwenye mzigo. Hiyo nayo ina hatari zake, usidhani mzigo ni salama kwa kuwa unashikika. Mzigo wa laki tano wa rangi ambayo watu wameichoka utakaa chumbani, na marejesho ya VICOBA hayasubiri. Kama wateja wanaonyamaza ndio hao hao, mzigo mkubwa utakupa tu picha nyingi zaidi za kunyamaziwa. Ila linganisha hivi: 250,000 ya mkopo pamoja na riba yake ni 275,000. Kwa faida ya elfu kumi na mbili, hizo ni pea 23 za mapazia utakazouza ili tu kulipia VIP, ndani ya miezi mitatu, juu ya zile za chakula na ada. Kama kuna kitu kwenye darasa kitakachokuuzia pea 23 za ziada kwa muda huo, ni haki yako kukiona kimeandikwa kwenye ratiba ya masomo. Waombe ratiba. Kuomba ni bure.

Na ipo njia ambayo hukuitaja kabisa. Mtafute mwanamke anayeuza mapazia mtandaoni Mwanza au Arusha, mahali ambapo hamgombanii wateja, umwombe saa moja ya simu na umlipe. Elfu ishirini, thelathini, mtakavyokubaliana. Mwulize anavyojibu "bei gani?", anavyotuma mzigo, anavyochagua rangi. Anaweza kukukatalia, au akakuficha lile la muhimu, au akawa muuzaji hodari asiyejua kueleza. Lakini angalau atakuwa anaongelea mapazia. Katika njia zote ulizosoma kwenye kile kitabu, Amazon, YouTube, kamisheni, PDF, sijaona hata moja inayohusu kuuza pazia kwa mtu wa Kilosa. Labda unataka kuacha mapazia na kuanza kitu kipya. Kama ndivyo, ni sawa, ila hukusema hivyo. Ulisema biashara haikui.

Kuhusu hao wanaonyamaza, mimi si mtaalamu wa mauzo, lakini mimi ni mnunuzi, na mara nyingine mimi ndiye huyo wa tiki za bluu. Nikiuliza bei nikajibiwa "45,000" peke yake, sijui ni pea au kipande, sijui dirisha langu litatosha, sijui nauli ya basi ni juu ya nani, na zaidi ya yote sijui kama nikituma hela pazia litakuja. Wateja wako wanakuogopa kwa sababu zilezile zinazokufanya umwogope kocha. Hawakujui, wanaombwa hela kwenye simu, na wamewahi kupigwa. WhatsApp ya biashara ni programu ya bure, unaweza kuiweka kwa Kiswahili, na ina katalogi ambapo kila pazia linakaa na bei na maelezo yake. Jaribu kwa wiki chache kuandika bei, kipimo na nauli kwenye picha yenyewe, kupiga video ya kitambaa dirishani badala ya picha ya kiwandani, na mtu akiuliza bei umpe bei kisha umwulize upana wa dirisha lake. Huenda wanaouliza wakapungua na wanaonunua wakaongezeka, au lisibadilike lolote. Kama halikubadilika, utakuwa na swali kali zaidi la kumpelekea mwalimu yeyote utakayemlipa, awe huyu wa VIP au mwingine.

Uamuzi siwezi kukuchukulia, na usingenishukuru kama ningeuchukua. Ukijiunga baada ya kuuliza haya yote, utakuwa umejiunga macho wazi. Usipojiunga, usimruhusu mtu akuambie umeogopa maendeleo.

Jambo la mwisho ni la VICOBA, kwa kuwa tarehe inakaribia. Riba inahesabiwa kwenye kiasi utakachochukua, utumie usitumie. Kama bado hujaamua kuhusu VIP siku ya mikopo ikifika, mwone katibu mapema umwulize kama unaweza kuchukua ile nusu ya kununulia mzigo sasa na nusu nyingine ya mkopo mzunguko ujao. Vikundi vingine hukubali ukisema kabla hela haijaanza kugawanywa.